Inua Kidole Ukisikia

Saa kumi na moja alfajiri, Szeged,
barafu kwenye tandiko la baiskeli.
Nina miaka arobaini na mmoja na bega moja kama la kuazima.
Naogelea chali: sioni niendako,
naona nitokako tu.

Dari naijua. Taa kumi na nne,
ya tisa inapepesa tangu enzi za ubingwa wangu;
fundi asiyekuja, namshukuru.
Toka vibendera hadi ukutani nilikuwa napiga mikono minne.
Sasa mitano. Huo mmoja wa ziada
ndio umri. Mengine ni maneno ya magazeti.

Saa tatu nafungua kliniki, nywele mbichi.
Medali zilipokoma nilisomea masikio.
Naketi nyuma ya kioo,
natuma mlio mwembamba kama uzi,
namwambia mtu: inua kidole ukisikia.
Kazi yangu ni kutafuta pale sauti inapoishia
na mtu anapoanza kubahatisha.

Jumanne aliingia Mzee Tihamér,
aliyenifundisha tangu nina miaka tisa,
aliyepuliza filimbi hadi njiwa wakahama paani.
"Mke wangu anadai," alisema, akiikunja kofia,
"namjibu maswali ambayo hakuuliza."

Nikamfungia kibandani. Nikatuma mlio.
Kidole kimelala.
Nikaongeza. Kimelala.
Nikaongeza mpaka nikausikia mimi kupitia mlangoni,
ndipo kikanyanyuka, kikitetemeka,
kama cha mtoto asiye na hakika na jibu.

Mtu huyu alinikemea nusu ya ujana wangu.
Sikulipiza. Nilimpachika kifaa nyuma ya sikio,
nikanong'ona: "Nimerudi majini."
"Najua," akasema. "Unanuka klorini."

Machi, Debrecen, fainali, mita hamsini.
Njia ya nane, kule ukingoni wanakowekwa walioponea chupuchupu.
Jirani yangu, msichana aliyebandika plasta juu ya vipuli,
aliniita shangazi
kwa heshima inayouma.
Nikashika vyuma, nikakunja magoti,
mwili mzima ukawa sikio.

Mlio.

Nilichelewa. Ubao ulisema hivyo baadaye:
sehemu kumi na mbili za mia ya sekunde nyuma ya wenzangu wote.
Mimi, ninayewauzia watu usikivu mkoa mzima!

Nilimaliza wa saba.
Wa nane alikuwa yule wa vipuli; alilia ndani ya miwani,
nikaning'inia naye kwenye kamba, bila neno,
mpaka walipotufukuza.

Kisha nikamtafuta mzee jukwaani.
Kifaa alikuwa amekivua, kipo mfuko wa shati.
Unyevu hukiharibu; mimi mwenyewe nilimwonya.
Ukumbi wote ulikuwa unapiga kelele
na kwake hapakuwa na kitu.
Hakupiga makofi. Hakutabasamu, hajawahi.
Alinitazama tu,
akainua kidole.