Kusoma Kutoka Kulia

Nilipewa kazi ya kuikagua orodha ya mvinyo,
mimi ambaye mvinyo sijaugusa hata kwa ncha ya ulimi.
Calgary, Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mlangoni kichwa cha fahali wa shaba, pua imeota barafu.
"Ndiyo maana nimekuita wewe, Makame," akasema Bwana Lindqvist.
"Wote niliowaleta kabla yako waliondoka wakipepesuka,
na ripoti zao zilikuwa mashairi."

Basi nikaketi meza ya pembeni, jirani na jiko,
maji ya limau mbele yangu, penseli sikioni.
Jalada la ngozi, zito kama daftari la forodha,
kurasa thelathini na nane,
majina yamejaa vitone na vistari kichwani
kama nzi waliotua kwenye sukari guru.
Huu una harufu ya tumbaku. Ule, ya tandiko la farasi.
Wa tatu, ati, ya jiwe lililonyeshewa mvua.
Jiwe! Dola mia moja na arobaini.
Nikaandika pembeni: jiwe lilinunuliwa kwa thelathini na moja.

Odette, mtunza ghala, akanishusha chini kwenye baridi nyingine.
Chupa zimelala ubavu, safu kwa safu,
zote zimeelekezwa upande mmoja, kama tunavyowalaza maiti kwetu.
Nikauma ulimi nisimwambie.
"Na hii, mbona miaka tisa haijanunuliwa?"
"Jina lake. Watu wanaogopa kulikosea mbele ya mhudumu."
Nikacheka. Langu linakosewa mji mzima
wala bei yangu haijashuka.
Au imeshuka; nani angeniambia?

Wete, chuoni, nilifundishwa kusoma kutoka kulia,
ufito wa mpera ukinifuata kila nilipokosea.
Nilipoingia skuli herufi zikageuka, zikaanzia kushoto,
na mwezi mzima nikasoma dunia kinyumenyume.

Kumbe na hapa wanasoma kutoka kulia.

Meza ya saba: kijana, suti ingali na mikunjo ya dukani,
wazazi wa mchumba wake wamemkabili
na steki zao nene kama matofali.
Kidole chake kinateremka safu ya bei
kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta swichi.
Kinafika chini kabisa, kinashtuka. Huko ni fedheha.
Kinapanda mstari mmoja, kinatua.
Hapo ndipo jicho linavuka kwenda kushoto
kuuliza: na wewe unaitwa nani?
"Huu," anasema. "Huu ndio niupendao siku zote."
"Chaguo zuri," anasema mhudumu.
(Yote ni mazuri. Nilihesabu: mara kumi na tisa usiku ule.)

Nikafungua ankara za ununuzi.
Mstari wa pili kutoka chini: umeingia kwa dola tisa,
unatoka kwa hamsini na nane.
Hakuna chupa iliyopanda hivyo, si jiwe, si tandiko.
Aliyeipanga orodha hii alijua anachouza:
si zabibu, ni haya ya mtu,
nayo haina mwaka wa mavuno, huiva kila siku.

Nami nimewahi kuwa yule kijana.
Mkunazini, duka la vitambaa, shemeji zangu nyuma yangu;
nikashika jora la pili kwa urahisi
nikasema, hii ndiyo rangi aipendayo.
Hata rangi yenyewe sikuitazama.

Nikauzungushia mstari ule duara.
Nikaandika: bei ishushwe. Nikafuta.
Nikaandika tena, kwa wino.

Asubuhi Bwana Lindqvist akaipokea ripoti kwa mikono miwili.
Hakuanza ukurasa wa kwanza.
Aliifunua kutoka nyuma, jicho likaenda kulia, chini,
palipo ada yangu;
ada niliyoipanga nikijua tuliotuma maombi tuko watatu,
na nikachunga, wallahi nikachunga sana,
nisiwe wa rahisi kabisa.