Ripoti ya Mwisho wa Muhula

Dola ishirini na saba, senti tisini na tisa.
Nimeshapiga hesabu: saa moja na robo tatu
za kufua mashuka ya hospitali,
kabla ya kodi.
Chupa ina mabega mapana, kizibo cha kusokota,
na picha ya ziwa ambalo hakuna mtu
aliyewahi kuliogelea.

Winnipeg, Januari. Dirisha la jikoni
limeota barafu kwa ndani.
Nimevaa soksi mbilimbili, nimetafuta kalamu nyekundu.
Miaka kumi na tisa nilisahihisha insha Njombe,
mkono haujasahau.

Orest wa ghorofa ya chini amekuja na glasi yake mwenyewe;
zangu, anasema, zina midomo mipana, harufu hutoroka.
Aliendesha treni za nafaka hadi mgongo ukakataa.
"Wanaiita rai, kwa jina la nafaka ile,
lakini humu ni mahindi karibu matupu.
Rai ni chumvi tu kwenye uji."

Mahindi! Basi hapo mimi si mgeni.
Nayajua yakichomwa, yakikobolewa, yakiota ukungu ghalani,
yakipikwa usiku na wanawake
ambao polisi waliwajua kwa majina.
Sikujua kwamba ukiyalaza pipani miaka kadhaa
yataamka yananukia vanila.

Nanusa: sukari inayoanza kuungua,
mama hajatia bado karanga za kashata.
Ganda la chungwa. Mbao za dawati jipya.
Naonja.
Inateleza. Haipigi hodi, haivui viatu,
imeshakaa.
Natafuta moto kooni, nakuta jivu la vuguvugu.
Nasubiri neno la pili.
Hakuna neno la pili.

"Shira ya watoto," anasema Orest, anaisukuma glasi.
Kisha anaivuta tena.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Na hiki je? Nilikikuta rafu ya chini, usawa wa magoti,
kimenyamaza,
kinasubiri mtu wa kuinama.

Naandika:
Mahudhurio, mazuri. Nidhamu, hana kesi.
Kujieleza: anawapendeza wote, kwa hiyo hajasema kitu.
Thamani kwa bei: hajaniibia, wala hajaniongezea.
Alama, sitini na nne.
Maoni ya mwalimu wa darasa:
Mpole. Wa kawaida. Aongeze bidii.

Kalamu inasimama.
Maneno haya nimewahi kuyaandika.
Darasa la sita, safu ya tatu,
karibu na dirisha lililozibwa kwa gunia:
Tulizo Mligo, aliyefuta ubao bila kutumwa,
aliyecheka vichekesho vyangu vyote
hata vile vya mwaka jana.
Watundu nawakumbuka mpaka makovu ya magoti yao.
Uso wa Tulizo siuoni.
Nimebaki na mgongo wake unaotoka mlangoni
na vumbi la chaki begani.
Alikuwa mtamu kwa kila mtu, nami
nikamkata alama kwa kutonisumbua.

Orest anauliza kama nimeshalewa.
Namwambia bado, nasahihisha.
Nje, gari la theluji linakwangua barabara
kama kijiko kwenye sufuria yenye ukoko.

Sitini na nne siifuti. Wino mwekundu haufutiki,
na tuseme kweli, wiski hii haikustahili zaidi.
Naongeza tu pembeni, kwa herufi ndogo:
mwalimu naye hakuuliza swali.

Mwonja asali haonji mara moja.
Namimina tena, kidole kimoja, bila barafu,
na safari hii nanyamaza,
nimpe nafasi aanze yeye.