Mtoto wa Jicho

Alfajiri ya Julai, Limbani, pampu ya msikiti
ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Mabirika yalisimama matupu. Mzee Chumu akapapasa ukuta
akitafuta vumbi la kutayamamu,
na waliobaki wakanitazama mimi,
maana mafuta yalikuwa yangu.

Yangu na ya Bi Mize, aliyenisomesha kemia kidato cha tatu,
kisha alipostaafu akaihamishia maabara jikoni kwake, Jadida.
Tuliyaokota kwa dumu, kibanda hadi kibanda,
mafuta yaliyokwisha kukaanga bajia, kababu, mihogo ya Mkasi,
meusi, yaliyochoka, yananuka samaki wa juzi.
Tukayachuja. Tukayapasha mpaka mkono ukatae.
Magadi makali ndani ya spiriti, fuu! mvuke.
“Simama upepo unakotokea, Faki.
Mapafu hayauzwi darajani.”
Asubuhi glisarini imekaa chini kama asali chafu,
na juu yake, rangi ya chai kavu, dizeli.

Mei nzima pampu ilikunywa bila neno.
Ndipo kipupwe kikaingia.

“Baridi gani?” alicheka mwenye pampu. “Pemba hii?”
Lakini kila mwanamke anajua chupa ya mafuta ya nazi
iliyoganda dirishani mwezi wa saba,
inavyongoja jua kabla ya kukubali kichwa cha mtu.
Bi Mize alilifungua chujio, akaliminya:
nta tupu,
mshumaa uliosahau kutiwa utambi.

Tukaenda kwa Riziki, muuza barafu za ukwaju,
tukaomba pembe moja ya friji yake.
Chupa tatu: mawese, alizeti, mchanganyiko.
Kila moja nimeibandika karatasi: SI SHERBETI.
Mtoto mmoja akauliza bei hata hivyo.
(Riziki mpaka leo ananidai barafu kumi na mbili,
kodi ya nafasi.)

Kila robo saa tulifunua kifuniko.
Bi Mize akaiinua chupa ya alizeti kwenye taa.
“Imefunga ukungu?”
“Bado.”
“Mbona mimi nauona?”

Nilitazama chini, kwenye viatu vyangu.
Jicho lake la kulia lina mtoto mwaka wa tatu huu.
Jina lake limeandikwa daftarini, hospitali ya Chake,
na daftari limeketi.

“Basi niambie, usinionee haya.
Ni mafuta, au ni mimi?”
“Ni wewe, mwalimu.”
“Ahsante. Andika: alizeti, saa nzima, safi.”

Chupa ya mawese ilianza kwa uzi mmoja mweupe,
kisha wingu, kisha uji.
“Sasa ni mafuta,” nikasema,
naye akacheka hadi Riziki akatoka ndani kutazama.

Usiku ule tuliyaacha yagande makusudi.
Tukayapitisha kwenye kipande cha kanga iliyopauka,
maandishi yake yamefutika, limebaki neno *subira* na nusu ya jingine.
Kilichoganda tukakiweka kando kwa sabuni.
Kilichopita tukakichanganya na alizeti,
na mafuta ya taa kidogo, sehemu moja kwa tano.
“Baridi haipigwi vita,” alisema, akikung'uta kitambaa.
“Unaipa haki yake mapema.
Ichukue kilicho chake huku, kwenye friji,
isije ikakidai msikitini.”

Wiki ya pili, giza bado, alikuja amevaa sweta la marehemu mumewe,
akaketi nje, karibu na bomba la ukutani.
Nikazungusha hendeli.
Pampu ikakohoa mara moja.
Nikasubiri ya pili.
Haikuja; ulikuja mngurumo, na harufu ya bajia
ikawatangulia watu kwenye njia ya msikiti.

Maji yalitoka na kutu, kisha bila kutu.
Hakuniuliza kama ni safi.
Alitia mkono chini ya bomba, akauacha humo.
“Baridi,” akasema,
kama anayeita jina darajani
na mwenyewe akaitika.