Saa Nane, Wodi ya Moyo

Nesi Maricel alikuja na fomu, kalamu ya kijani,
sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza haya mara elfu.
Umri? Sabini na saba.
Sukari? Anayo. Figo? Moja inasuasua.
Pombe? Zamani, nikasema, akiwa Voi, siku za mshahara.
Miwani? Ndiyo. Kifaa cha kusikia? Ndiyo, ila hakipendi,
anasema kinamletea kelele za watu asiowajua.
Kisha akashusha kalamu:
Amewahi kupotewa na kumbukumbu?

Hapo nikanyoosha mgongo, binti wa stesheni masta.
Hapana. Baba ana akili timamu.

Sikutaja birika lililoungua mara mbili tangu tumzike mama,
wala alivyotoka na kandambili kwenye theluji ya Harehills
akiulizia njia ya posta.
Mficha maradhi, kilio humfichua: methali naijua.
Nilidhani inamsema mgonjwa.

Jumanne walimfungua kifua.
Saa tatu na robo damu yake ilizunguka nje yake, mipirani,
na moyo umelala
kama injini iliyoondolewa relini kwa matengenezo.
Imekwenda vizuri, alisema Daktari Ashworth,
na kwa upande wa moyo alisema kweli.

Usiku wa pili, siafu.
Wanashuka darini, Mkawasi, wafagie!
Kisha mlio wa mashine ukawa kengele ya stesheni ya Mtito,
na zamu ni yake, na gari la mizigo linapanda kutoka pwani
na tokeni haijafika mkononi.
Reli ni moja! Moja! Mnataka kuua watu?
Akang'oa mpira wa puani. Akatafuta bendera nyekundu,
akakamata mrija wa damu.

Watatu walimshika.
Mikono ya upole, lakini watatu.

Unajua uko wapi, mpenzi? akauliza nesi wa usiku
(Leeds kila mtu ni mpenzi).
Stesheni.
Mwaka gani?
Akataja mwaka niliozaliwa.
Ni saa ngapi sasa?
Baba akalitazama dirisha jeusi,
akajibu kwa Kiingereza chake cha ofisini:
Saa nane.

Saa ya ukutani ilisema mbili.
Nesi akaweka alama ya kosa.

Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumapili,
na kikageuka njiani, hakikufika kikiwa kicheko.
Maana kwa hesabu ya kwetu,
anayeanza kuhesabu usiku jua linapozama,
mbili yao hiyo ya gizani ndiyo nane yetu.
Mji umemtoka, mwaka umemtoka,
saa alikuwa nayo, barabara, hata dakika haikupotea.

Futa kosa hilo, nikamwambia.
Na pale kwenye fomu ya kwanza, nilipojibu hapana,
andika ndiyo.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.
Aliuliza tu miwani iko wapi.

Miwani ilikuwa mkobani mwangu,
nimeifunga kwa leso isivunjike.
Kifaa cha kusikia kilikuwa mfuko uleule, kimezimwa, salama.
Siku mbili baba yangu alikuwa akizisikiliza sauti za chini ya maji
na kuzitazama sura zisizo na kingo,
na mimi nimekaa hapo kando, nimezikumbatia funguo.

Jumamosi walivuta pazia.
Mwanga wa Februari, mwembamba kama uji wa hospitali.
Baba alinitazama kupitia vioo viwili safi.
Gari limepita salama, nikamwambia. Lile la mizigo.
Akanipima kwa macho, muda mrefu.
Gari gani? Wewe umelala kweli, mwanangu?

Akaomba chai, yenye tangawizi, akaikosa, akainywa hiyo iliyopo.
Kisha, akifuta midomo:
Na mama yako? Amekula?

Nesi Maricel alikuwa mlangoni, na kalamu yake ya kijani.
Safari hii sikunyoosha mgongo.