Njaa ya Fundi Mizani

Nilitoka Mwanza usiku, nikavuka Mutukula jua likipanda
na sanduku la mawe ya kupimia: kilo moja, kilo mbili, kilo tano,
kila jiwe limeviringishwa kitambaa kama mtoto mchanga.
Masaka wana kahawa, na kahawa inataka mizani isiyosema uongo.
Kazi hiyo naijua. Nisichokijua ni wapi pa kula.

Siku ya kwanza nilimuuliza kijana wa mapokezi.
Akanielekeza Kizungu (ndivyo mtaa unavyoitwa, si mimi niliyeubatiza),
nikaletewa chipsi, na kuku aliyekufa mara mbili,
na ua la nyanya juu yake, kama kaburi la mtu mwenye nazo.
Nikalipa. Nikalala na njaa iliyovaa tai.

Siku ya pili nilimuuliza mwenye bucha.
Akanipeleka kwa shemeji yake.
Usimuulize mwenye bucha.

Siku ya tatu nimelala chali chini ya mizani kubwa ya kinu, Nyendo,
vumbi la maganda limenijaa masikioni,
nikaona miguu ya makuli ikipita, yote ikielekea upande mmoja.
Saa saba. Hakuna aliyepiga kengele.
Nikamshika mmoja suruali, Ssenkungu, mbeba magunia:
"Mnakwenda wapi?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.
"Usitafute kibao," akasema. "Tafuta majani ya mgomba
yaliyooshwa, yameanikwa kambani kama sare za shule.
Anayeosha majani hivyo, sufuria yake huna haja ya kuichungulia."

Nyuma ya kinu: mabati manne, mabenchi mawili.
Kamba. Majani yanachuruzika maji.
Nikasema, kwa Kiswahili changu chote,
"Hodi, mama, kuna chakula?"
na mkono wake ukasimama juu ya mvuke.
Benchi zima likanyamaza.
Nilikuwa nimesahau: huku lugha yangu iliwahi kuvaa buti,
ikagonga milango usiku, na haikusema hodi.

Sikujua nifanye nini na mdomo wangu.
Nikavua kofia. Nikatoa maneno mawili niliyofundishwa na dereva:
"Gyebale ko, nnyabo."
Nadhani niliyatamka vibaya, maana mtoto alicheka,
na kicheko chake kikanisogezea nafasi kwenye benchi.

Nnaalongo Nakayiza akanimiminia maji mikononi, polepole.
Matoke ya njano, laini, yakifuka. Kisha luwombo,
jani limefungwa fundo kama siri ya mtu mmoja tu.
Nikalifungua. Samaki wa moshi ndani ya karanga.
Sitasema zaidi. Nilikula mpaka nikasahau nina jina.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kazi.
Nikaagiza cha pili, nikakitia kwenye mizani yangu ndogo;
nikaazima cha Ssenkungu, nacho nikakipima.
Gramu mia nne na kumi. Mia nne na kumi na mbili.
"Anapimaje?" nikamuuliza Ssenkungu.
Mama akanyanyua kiganja, kitupu,
akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili safi, cha zamani,
kilichokuwa kimekunjwa mahali miaka yote:
"Baba yangu alikuwa karani wa kinu hiki.
Walimchukua akiwa anakula.
Sahani yake niliiosha mimi."
Akasukuma bakuli la chumvi kuelekea kwangu.
"Kula. Kinapoa."

Jioni nikaandika kwenye cheti cha kinu: *mizani iko sawa*.
Kalamu ilisita hapo, sijui kwa nini.

Mutukula, afisa forodha akafungua sanduku langu.
Kati ya kilo mbili na kilo tano kulikuwa na kifurushi cha jani
ambacho mtu alikataa kukipokelea pesa.
"Na hiki?"
"Jiwe la kupimia," nikamwambia.
Akakiinamia, akanusa, akanitazama, akanusa tena.
"Uzito?" akauliza, kalamu mkononi.
Nikamwambia aandike anavyoona.