Mlango wa Gereji

Unashuka nusu, unasita, unapanda tena
kama mtu aliyesahau funguo ndani.

Ndahani kabadili betri ya rimoti,
kapima umeme, kakaza cheni,
kapaka grisi hadi viwikoni.
Mota nzima. Springi nzima.
"Basi una wazimu," nasema.
"Hapana, mama. Unaona kitu."

Tukaliinamia lile jicho dogo jirani na sakafu:
vumbi jekundu la Ilazo,
na juu ya vumbi nyigu
kajenga chumba cha udongo.
Mwezi mzima mlango ulikuwa unamkwepa
mpangaji asiye na mkataba.

Ndahani akafuta kwa pindo la shati.
Ukashuka. Ukagusa sakafu, ukatulia.
Upepo wa Agosti ukabaki nje,
ukisukuma.

Jioni nyigu alirudi,
donge la udongo mdomoni,
akiulizia kiwanja.