Unga wa Mahindi Sakafuni

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu unga:
konzi moja mlangoni, konzi mbili mbele ya jukwaa,
ili mbao ziwe laini na buti ziteleze.
Jumamosi, ukumbi wa Vrana, Texas,
barabara ya kokoto katikati ya mashamba ya pamba.

Lavern Matocha alifika kabla ya wenzake wote,
sanduku mkononi, zito, kama mtu aliyebeba cherehani.
Alilifunga gitaa miguu yake minne, skrubu kwa skrubu,
akailaza meza ile ya nyuzi kumi juu ya magoti yake,
kisha akavua kiatu cha kushoto.
Pedali, alisema, huzisikii kwa soli nene.
Soksi ilikuwa na tundu. Nimelijua tundu lile miaka mingi.

Hakuimba. Hakusimama.
Waimbaji walikuja na kofia zao, wakaondoka na kofia zao;
yeye pembeni, uso chini, kama fundi saa,
vidole vitatu vya kulia vimevaa kucha,
mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma
akikipitisha juu ya nyuzi bila kuzigandamiza,

na sauti ikatoka.
Niiteje? Kilio kina mwisho wake, hii haikuwa nao.
Ilikuwa kama mtu aliyefika mlangoni pa jirani
akasita, akarudi hatua moja, ndipo akabisha.
Noti ilianza chini kidogo ya mahali pake
ikapanda polepole, ukumbi mzima tukiisubiri,
na ilipofika, Bwana Edmund Sulak,
aliyemzika mkewe mwezi Machi,
alimwomba dada yake mkono, wakaingia kucheza.

Mchana alitengeneza pampu za visima.
Siku moja nilimkuta kwetu, grisi hadi viwikoni,
akiitukana valvu kwa Kicheki.
Nikamuuliza mama kama mikono ni ileile.
Ileile, akasema. Unadhani ana mingine?

Oktoba moja umeme ulikatika
katikati ya wimbo wa taratibu.
Besi ikanyamaza. Mwimbaji akabaki na kinywa wazi gizani.
Lavern hakuacha.
Gitaa la chuma lisilo na umeme, sauti yake haimzidi mbu.
Mtu akasema nyamazeni, buti zikasimama,
watu mia mbili wakasogea bega kwa bega,
nami nikapenya kati ya miguu yao
nikaweka sikio kwenye ubao wa jukwaa
na humo ndani ya ubao nikamsikia mzima:
pedali ikizama, waya ukivutwa,
kisigino chenye soksi kikihesabu.
Umeme uliporudi noti ilikuwa nusu ya safari,
ikatulipukia kifuani.
Watu walicheka. Edmund Sulak hakucheka.

Ninazo santuri zake mbili, na ni nzuri,
lakini santuri haina harufu ya bia na unga,
haimwoni mzee aliyeko sakafuni na goti bovu,
haijui kwamba noti inabidi ichelewe kidogo
mpaka amalize kugeuka.

Walimzika Februari. Ardhi iliganda, wakaita trekta.
Gitaa alichukua mpwa wake;
hajui kulipiga, ila hulifuta vumbi, nashukuru.

Siku hizi funguo za ukumbi ninazo mimi.
Pembeni mwa jukwaa kuna vishimo vinne mbaoni,
miguu ya gitaa ilisimama hapo miaka thelathini na minane.
Bado namwaga unga, na unga huingia humo.
Jumapili asubuhi hupiga magoti
nikauchokoa kwa bisibisi, kishimo kwa kishimo,
na kila Jumapili hujiambia
wiki ijayo nitapitisha ufagio tu.